Siku Waliyokuosha Uani

Harish uliyekuwa wangu,

Sijui uko mji gani huko Uingereza, lakini nakuandikia. Unakumbuka baraza la duka la baba yako pale Same? Mimi kwenye cherehani, wewe ukipima vitambaa, tukizungumza bila kutazamana. Mwaka wa Uhuru nilishona bendera hadi vidole vikaniuma. Ukaniambia, "Sasa sote ni wananchi, Eliaichi. Nani atatuzuia?" Nikaamini.

Wazazi wako walipokwenda Moshi, ulinipeleka kwenye kichumba chenu cha sala. Ulinimiminia maji kiganjani kutoka kikombe cha shaba, ukaita mito ya India iingie ndani yake: Ganga, Yamuna, Narmada. Ukacheka, ukaongeza, "Na Pangani." Kisha ukaninyunyizia kichwani. "Sasa umekuwa wa kwetu." Mimi, binti wa mzee wa kanisa kutoka Gonja, nilihesabu ile kuwa ndoa.

Nilipokwambia nina mimba, ulisema utaongea na baba yako. Baadaye nikaletewa ujumbe nisije kazini. Nikaja. Nilikukuta uani, kifua wazi, shuka jeupe kiunoni, kuhani wenu akikumwagia maji na kusoma mantra, zile dua zenu za utakaso, nawe ukizifuatisha. Mama yako alikuwa akikinyunyizia maji kiti nilichokalia kila siku.

"Harish, wanakuosha nini?"

Ulinitazama vizuri tu. "Nenda nyumbani, dada."

Dada! Halafu ukainamisha kichwa, ukaongezewa maji.

Angenifukuza baba yako, ningemsamehe. Yeye hakuniahidi kitu. Wewe ulinitakasa kwa maji, na kwa maji hayo hayo ukanitoa mwilini kama tope.

Serikali ilipotwaa nyumba yenu mkaondoka, majirani walidhani nitashangilia. Siku hiyo nilikuwa shamba la kijiji cha ujamaa, napalilia mahindi na binti yetu. Niliendelea kupalilia.

Anaitwa Namkunda. Nywele ni zako, ukaidi ni wangu. Jumamosi anaolewa. Jana aliniuliza nani atamkabidhi kanisani, nami nikamweleza habari yako yote, ambayo miaka yote nilimficha. Nikamwambia kaka yangu yuko tayari, naye anamwona kama mwanawe.

"Hapana, mama," akasema. "Utanishika mkono wewe."

Mchungaji amekubali. Ubaki salama huko uliko.

Mimi,
Mama wa binti yako