Bi Hindu wa Ndau na Mkwe Wake

Ni mwaka mmoja sasa, mama yetu Bi Hindu, tangu asubuhi ile kikombe kilipokuponyoka na mkono wako wa kulia usiinuke tena.

Ulizaliwa Amu, ukaja Ndau kwa ndoa, ukasomesha watoto Kurani chuoni hadi uzeeni. Ulikuwa mpole, ila kisomo kibovu hukukisamehe. Mwanamume asiye maharimu yako, yaani asiyekatazwa kukuoa, hukumpa mkono. Kisiwa kizima kililijua hilo, na asubuhi ile lilitutia hofu.

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti ya kukupeleka hospitalini Mokowe ilisimama mbali, na kabla ya kuifikia palikuwa na tope la magotini. Faiz, mwanao wa pekee wa kiume, alikuwa Mombasa. Wanawake tulijaribu kukubeba, tukazama. Wanaume walisema ni dharura, wakanyoosha mikono, ukatikisa kichwa. Mdomo ulikuwa umeshapinda. Tuliogopa utatufia pale pale, boti tukiiona.

Ndipo akaja Bwanamkuu, aliyekuwa mume wa binti yako Esha. Dadako Mwanamkisi akamzuia.

"Rudi! Esha umemwacha. Wewe hapa ni mkwe wa nani?"

"Wa huyo aliye nyuma yako, Bi Mwanamkisi. Nipishe, matusi utanipa nikirudi."

Ukasema kwa shida, "Ni mkwe wangu. Muwateni anitukue." Tukamwacha akuchukue.

Ndivyo ulivyofundisha. Talaka huondoa ndoa, na ushemeji huisha nayo. Ukwe haukatiki: mama wa mke ni haramu kuolewa na mkwewe maisha yote, hivyo ni halali kumshika na kusafiri naye. Tulilijua hilo sote. Hofu ilitusahaulisha.

Alikubeba mpaka botini. Kila ulipofumba macho alikuita, "Mama!" nasi tukangoja uyafumbue. Tulipokaribia Mokowe aliita mara nyingi kabla hujayafumbua.

Ulifariki hospitalini kesho yake, ukarudishwa Ndau. Kaburini Faiz alishuka kwanza kukupokea. Alihitajika maharimu wa pili, na watu wakatazamana. Imamu akauliza, "Mkwe wake yuko wapi?" Bwanamkuu akashuka.

Unakumbukwa na wanao Esha na Faiz, dadako Mwanamkisi, mkweo Bwanamkuu, na wajukuu Rawiya na Rayyan. Hatutakusahau maadamu tuko hai.