Mvua ya Oktoba Imefika Timau

Alhamisi jioni

Imenyesha kweli.

Mwaka huu umetuchezea. Januari umande uliganda ukachoma viazi vyote. Aprili mvua ilitoroka viazi vikitoa maua. Mwenda, mume wangu, akasema hii ya Oktoba ikikosa tutahamia kwa wazazi wangu, Karurumo. Nilikubali shingo upande, maana ni mimi niliyemvuta tulime huku kwenye baridi.

Leo mchana wingu jeusi lilifunika mlima. Jirani yetu Mama Kendi akaniita, "Anua nguo, hii si ya mchezo."

Sikuanua. Nilisimama shambani mpaka sweta ikalowa chepechepe. Mwenda alikuja mbio, nikadhani atanigombeza. Akasimama tu kando yangu, akiloa.

"Mbegu za viazi ziko wapi?" akauliza.

"Ziko kwa stoo. Zimeshachipua."

"Basi kesho tunapanda. Na umwambie mama yako asitusafishie ile nyumba."

Bado naiogopa Januari, siwezi kujidanganya. Lakini sasa hivi Mwenda anaoga huko nje, na anaimba. Sijamsikia akiimba tangu viazi vyetu viungue kwa baridi.