Chepngetich, Muuguzi Aliyewafuata Wagonjwa Kwenye Viti Vyao

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotuacha hapa Carrollton. Viatu vyako vya kazi bado viko mlangoni, Baba amekataa viondolewe.

Kliniki yenu ya Richardson ilihudumia watu waliobadili jinsia. Wauguzi wenzako walipenda kuita kwa sauti majina ya zamani ya wagonjwa hao ukumbini, watu wote wageuke kutazama. Wewe ulikwenda mpaka kwenye kiti, ukainama, ukauliza, "Ungependa nikuite nani?" Kabla ya kumgusa mtu uliomba ruhusa. Aliyekuja na kidonda cha mguu ulimtibu mguu. Wenzako walitaka kwanza kujua ya chini ya nguo, kisha siri hizo wakazinywea chai ya ushirika kila Jumapili. Hao ndio wanaojiita watu wa huruma.

Everline, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama wa kanisani kwetu, alizikataa chapati zako mbele ya watu. "Hiyo mikono ina-touch watu wale, halafu unatupikia?" Ukamjibu taratibu, "Nimenawa, dada. Wewe umenawa mdomo?" Sisi tulicheka njia nzima. Wewe ulifika nyumbani ukalia jikoni, na leo tunalisema hilo ili walijue.

Ulipougua, Umoja ulitutumia picha za mikono ya maombi kwenye simu, basi. Queen, yule wa kidonda cha mguu, ambaye alikuwa amehamia Gulfton kule Houston, aliendesha gari kila Alhamisi, mwendo wa saa nne, aje akuoshe na kukukata kucha. Kabla ya kukugusa alikuuliza, "Mama, niendelee?" Kuanzia hapo ukamwita binti yako, na sisi tukapata dada.

Wiki jana Everline aliona rasimu ya tangazo hili la kumbukumbu, lenye jina la Umoja na la Queen, akampigia Baba. "Baba Kezia, iko sawa, lakini mu-remove huyo Queen. Umoja hatuwezi kukaa page moja na yeye."

"Nimesikia, mama," Baba akasema, akakata simu, akaomba kalamu.

Kwa hiyo, Mama, majina hayo mawili hayakai pamoja, kama mwenyekiti alivyotaka. Wanaokukumbuka ni mumeo Kimutai, na watoto wako Kezia, Kiprop na Queen. Wengine hawamo.

Hatutakusahau, Mama, siku zetu zote.