Funguo za Nyumba za Kampuni

Mama yangu uliyelala Mbekenyera,

Hata ulipokuwa hai, barua zangu ulisomewa na mwalimu wa madrasa, kwa hiyo nilikuwa nachagua maneno. Hii hakuna wa kukusomea. Nitasema yote.

Unakumbuka ulipokuja Nachingwea mara ya kwanza? Kampuni ya karanga ilikuwa imenitoa kwenye ukarani, ikanifanya msimamizi wa nyumba za wafanyakazi. Ilikuwa imetenga fungu la hisani kuwajengea watu wake nyumba za matofali na mabati, kodi nafuu hata mfagiaji aliimudu. Funguo nilizigawa mimi. Ulipapasa ukuta wa sebule yangu, ukauliza, "Hii nyumba ya nani?"

"Ya kampuni, Mama."

"Basi wewe mgeni, na mimi mgeni wa mgeni."

Nilicheka. Niliwaona wafanyakazi wenyeji wa Nambambo, waliozoea nyasi zinazovuja, wakilala pakavu na watoto wao, nikaamini hakuna kazi ya heri kama yangu.

Kisha, ungali kwangu, jirani yetu Hamisi, dereva wa tingatinga, akaangukiwa na mti porini, akafa. Sheria ilisema nyumba ni ya mfanyakazi. Akiondoka kwa sababu yoyote, jamaa zake wahame. Niliyeitafsiri na kuibandika ubaoni ni mimi. Nilikwenda kwa bwana mkubwa kumwombea mjane wake, Mama Zuhura. Alinisikiliza kwa upole, akasema kampuni imekwishatoa sanda na unga, na dereva mwingine anangojea nyumba. Halafu akaniuliza kama kazi imenishinda. Nikasema haijanishinda.

Ulinikuta mlangoni na karatasi ya kumhamisha mjane mkononi. "Usimpelekee," ulisema.

"Nisipoipeleka mimi ataipeleka mwingine, na sisi tutafuata. Wajukuu zako wanasoma hapa, Mama. Niwapeleke wapi?"

Ulikunja mkeka wako, ukamsaidia Mama Zuhura kufunga vyombo vyake, mkapanda pamoja lori la kwenda Ruangwa. Ulimpa chumba katika nyumba yako ya udongo huko Mbekenyera, mkalima ufuta pamoja kama mtu na mwanawe.

Mimi nilipandishwa cheo tena. Mara mbili niliandika barua ya kuacha kazi, mara mbili nikaichana, maana kazi ndiyo iliyonipa nyumba, na nyumba ndiyo iliyonifunga kwenye kazi. Nilikuja kila Iddi na sukari na khanga. Ulinipokea vizuri, ukauliza habari za watoto, za mvua, za mguu wangu mbovu. Habari za kazi hukuuliza hata siku moja.

Siku uliyofariki, Mama, nilipata habari asubuhi. Wageni walikuwa wamekuja kutoka Dar es Salaam kutazama wema wa kampuni, na wa kuwatembeza ni mimi. Niliwafungulia milango, nikawaonyesha mabomba na majiko, nikitabasamu. Nilipofika Mbekenyera ulikuwa umekwishazikwa. Mama Zuhura ndiye aliyekuosha.

Sasa karanga zimeshindikana. Mitambo inaondolewa, watu wanaachishwa. Juzi bwana mkubwa alinipa orodha ya nyumba za mwisho, na yangu imo. Makarani wote wamekwenda, hivyo taarifa ya kunitoa niliichapa mwenyewe, nikaigonga muhuri, nikampelekea mke wangu jikoni. Aliisoma, akarudi kupepeta mchele.

Jana kaja mtu wa Ruangwa na salamu za Mama Zuhura. "Amesema mje. Chumba cha mama yako amekifagia."

Mke wangu tayari anafunga mizigo. Mimi nimekaa hapa tangu alfajiri, sijui nitasimama vipi mbele ya mlango wa mama yule nikabisha hodi.

Mungu akulaze pema, Mama. Uniwie radhi.

Mimi mwanao,
kifungua mimba wako.