Fundi Hakuwa Amelewa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Sisi huku miili ni mizima. Ya moyoni nitakueleza. Mama anakusalimu, ingawa goti lingali linamsumbua. Baba hajui kama ninakuandikia.

Najua umeacha kumjibu dada. Baba alikuandikia kwamba amewauza ndugu zake kwa watu baki, nawe ukaamini, maana uko mbali. Nivumilie basi, nikusimulie mimi niliyekuwepo.

Unamkumbuka fundi wa msumeno wa umeme katika karakana ya Baba, yule tuliyembandika jina la Taratibu, kwa sababu hata nyumba ingeungua angekunja mikono ya shati kwanza. Mwezi wa pili msumeno ulimkata mkono, akafariki kabla hajafikishwa hospitali. Mkaguzi wa usalama kazini alipokuja, Baba alimwambia kwamba Taratibu alikuwa amelewa, na kwamba kinga inayofunika meno ya msumeno aliing'oa mwenyewe. Kaka, mtu yule hata dawa ya kikohozi aliinusa mara mbili kabla ya kuinywa!

Dada alikuwa mlangoni akipaka kabati vanishi. Aliweka brashi chini, akamwambia mkaguzi mbele ya watu wote kwamba kinga iliondolewa na Baba, kwa kuwa ilichelewesha kazi. Mkaguzi akauliza nani mwingine aliona. Mafundi wakainamia mbao zao. Basi akasema neno la mtu mmoja halitoshi, akaenda zake.

Jioni Baba alimkumbusha dada kwamba damu ni nzito kuliko maji. Dada akamjibu kwa upole, "Na ile iliyomwagika karakanani, Baba, ilikuwa maji?" Tangu hapo hawajasemezana.

Hakuna aliyemfukuza. Heri angefukuzwa. Kwanza aproni yake iliondolewa msumarini, akaivaa binamu yetu. Kisha Mama akaanza kusema naye kupitia kwangu: nimwambie dada yangu chai iko tayari, na dada yangu yuko pale pale, ameshika vikombe. Shangazi, ambaye ulimi wake unaujua, alikuja kumsihi akubali kwamba alichanganyikiwa tu. Alipokataa, shangazi aliaga kila mtu, hata paka, akampita yeye. Nilicheka, Kaka. Dada naye alicheka, halafu akaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu. Mchumba wake, yule dereva, alimrudishia picha zake ndani ya bahasha. Nilidhani atalia, lakini alitandika kitanda tu, akakitandua, akakitandika tena.

Mwezi wa tano alifunga sanduku, akapanga chumba jirani na mjane wa Taratibu. Anashona sare za shule. Siku alipoondoka Mama alisimama dirishani mpaka dada akakata kona. Hakumwita.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Siku Baba alipoifungua kinga ile kwa spana, nilikuwa nyuma ya rundo la mbao nikiokota vipande vya kuwashia jiko. Nilimsikia Taratibu akisema, "Bosi, hii itatuumiza." Baba akamwambia asiyetaka kazi akae kwake. Mkaguzi alipouliza, nilitazama sakafu. Miezi yote hii nimekula na kushiba kwenye meza ile, huku nikijua.

Jumamosi nilimwendea dada, nikamwambia yote kwa machozi. Hakunyanyua uso hadi alipofika mwisho wa pindo. "Najua," akasema. "Nilikuona mle kwenye mbao." Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema Mama asingeweza kupoteza mabinti wawili kwa siku moja.

Kaka, sijawahi kupigwa kofi zito kama hilo.

Jumatatu asubuhi nitakwenda ofisini kwa mkaguzi kusema nilichokiona. Mchana huu nimemwarifu Baba. Aliniangalia kama mtu aliyekosea nyumba, akanyanyuka, akaacha chakula chake. Mama alibaki ameshika kijiko. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, kama chumba cha dada kinaingiza mvua.

Sikuombi unitetee. Nakuomba umwandikie dada. Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii. Msalimie wifi, na umbusu mtoto kwa niaba yetu.

Ni mimi,
mdogo wenu wa mwisho