Wati Tano Kutoka Kilolo

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Silvester amekuja tena kuhusu redio ya mawasiliano ya marehemu kaka yake, mume wangu Clement. Anaitaka kabla ya Jumapili. Anasema shemeji, hiyo mashine utaibeba wewe? Hata Clement alikuwa anaiwekea mto kama mgonjwa. Tulicheka. Halafu akasema Jumapili, tena bila kucheka.

Kweli ni nzito, na inataka umeme. Kilolo, pale makaburini alipozikwa, umeme hakuna. Na mimi nataka kuita kutoka pale.

Miaka kumi na moja, kila Jumamosi saa kumi jioni, Clement aliongea na Lutengano wa Mbeya. Tumemzika miezi mitatu sasa. Lutengano bado anawasha redio yake saa kumi. Aliniambia kwa simu: "Dada Apolonia, najua hayupo. Nimezoea tu kukaa."

Sikumwambia ninachowaza. Nikishindwa, asijue.

Jumatano, 17 Septemba

Iringa mjini, kwa fundi Shamsudin. Amekubali nimpe redio kubwa anipe ndogo moja. Kurudisha hakuna — amesema mara mbili.

Ndogo ziko mbili. Moja ya sauti. Nyingine ya kugonga Morse tu, zile herufi za mlio mfupi na mrefu, haizidi kipande cha sabuni ya mche. Zote wati tano, betri yake inaingia kwenye mkoba.

Nimeuliza ipi itafika Mbeya. Anasema sauti kwa wati tano ni kama kumwita mtu aliye upande wa pili wa soko. Morse inapenya kelele. Lakini mama, Morse unaijua?

Naijua. Clement alinifundisha kwa kijiko, juu ya mfuniko wa sufuria, tukianza na alama ya kituo chake, yaani jina lake hewani. Asubuhi aligonga "chai" ukutani, nami jikoni najibu "subiri". Akanisukuma mpaka nikapata leseni yangu mwenyewe, na alama yangu. Sijawahi kugongeana na mtu mwingine.

Nimejaribu kwanza ile ya sauti. Nimebonyeza. Maneno hayakutoka.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimechukua ya Morse. Silvester kapiga simu, anasema nimebadilisha ng'ombe kwa yai. Huenda. Isipofika, sina kubwa wala ndogo.

Jumamosi, 20 Septemba

Kilolo. Waya wa antena nimeufunga kwenye mti wa mlingoti, ncha nyingine kwenye uzio. Kaburi liko hatua tatu. Betri inaonyesha nusu tu. Niliichaji usiku kucha!

Saa 10:04. Nimeita. Kimya.

10:09. Nimeita tena. Kelele tu.

10:15. Nimeita mara ya tatu. Amejibu! Hafifu sana, lakini ni Lutengano. Naandika herufi zinavyokuja. Kwanza alama ya kituo anachokijibu. Halafu CLEMENT. Halafu alama ya kuuliza.

Hiyo alama ya kituo ni ya Clement. Ya leseni yake, si yangu.

Kwa hiyo ndiyo niliyoita nayo. Mara zote tatu. Vidole vimegonga vilichozoea — Mungu wangu — na hata ugongaji wangu ni wake, maana ndiye aliyenifundisha.

10:17. Anauliza tena. Polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Nikizima, atakaa Mbeya akiamini anachotaka kuamini. Nikijibu, mimi ndiye nitakayempa tena habari ile ya Juni.

Anauliza tena. Taa ya betri imeanza kupepesa. Jina langu lina herufi nane.