Ruhusa ya Mama

Kwako mdogo wangu Hamdi, salaam aleikum.

Huku Bulla Pesa tumepata mvua kidogo, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha. Mimi bado nafundisha fizikia. Kila mgeni akija, Mama anamwambia unakagua viwanda vya kurutubisha urani huko ng'ambo, ili mtu asije akaichukua kwa siri akatengenezea bomu. Hasemi kwamba ile nafasi ya masomo iliyokupeleka huko tuliiomba wawili, ukapata wewe.

Barua yako nilimsomea Jumamosi. Uliandika kwamba viwanda vinaongezeka, kwamba kamera na kompyuta zitafanya sehemu kubwa ya ukaguzi, na kwamba wakubwa wako wanataka ubaki miaka mitano uzisimamie. Ukaomba ruhusa ya Mama. Hapo nikamdanganya.

"Kamera zimechukua kazi yake," nilisema. "Anarudi nyumbani."

Mama aliuliza, "Na mtu akiidanganya kamera, nani atajua?"

Niliona aibu, mimi mwalimu, nikaisoma barua upya mpaka mwisho bila kuruka neno.

"Mwambie abaki," alisema. Hakuniuliza kwa nini nilidanganya. Alinisogezea kikombe chake cha chai. "Kunywa hii, yako imepoa."

Hamdi, nilitaka urudi uwe mtu wa kawaida kama mimi. Bado nataka. Lakini ruhusa umepewa, na nimeiandika kama alivyoisema.

Dada yako,
Sabdio